Nukta ya Namba 5

Huku Masasi na Newala msimu wa korosho ukiisha, bibi zetu wengi hutegemea fedha ambazo watoto walio mbali huwatumia kwa simu. Macho yakififia, bibi humtajia mjukuu namba ya siri, na hapo si siri tena.

Tushike simu ya vitufe. Nyingi zina alama ndogo iliyoinuka kwenye 5, katikati. Juu yake ni 2, chini 8, kushoto 4, kulia 6. Pembeni ni 1, 3, 7 na 9. Sifuri iko chini ya 8.

Tumfundishe bibi kupapasa, simu ikiwa imezimwa. Kisha achague namba mpya, nasi tugeuze uso. Hiyo nayo ni heshima kwa mzazi.