Kazi Ikimkinaisha Mtu Si Lazima Awe Amerogwa

Kuna kijana mmoja wa ukoo wetu, hapa Mombasa, ambaye kwa miaka kumi na mitatu amekuwa karani katika afisi ya kutoa mizigo bandarini. Mwaka huu amebadilika. Akisha kuswali alfajiri hukaa kitako kitandani hata jua likapanda. Watu wa barazani hawakukawia kutoa hukumu: mmoja alisema amerogwa na wenziwe wa kazini, wa pili akasema ni uvivu, na wa tatu akashauri aozwe mke mwengine! Mimi nilipomwuliza alinijibu kwa maneno machache: "Ami, siumwi. Nikiyaona makaratasi yale moyo wanifunga tu."

Nami naona ni yeye aliyesema kweli. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza kuwa hali hii hutokana na mashaka ya kazi yasiyotulizwa, wala halikuiita ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa na nguvu, kuichukia kazi na kujitenga nayo, na kuona kwamba ufanyalo halifai kitu.

Wala si jambo geni kwetu Waislamu. Vitabu vya Imamu Ghazali twavijua, lakini ni wangapi wakumbukao yaliyompata mwenyewe? Mwaka 1091 alipewa kusomesha Nidhamiya ya Baghdad, madrasa iliyokuwa na sifa kubwa zama zile, akawa na wanafunzi wapatao mia tatu. Miaka minne baadaye, mwezi wa Rajab, ulimi ulimkataa. Amesimulia mwenyewe kwamba alikuwa akijilazimisha kusomesha walau siku moja awaridhishe wanafunzi, na neno lisitoke. Chakula kikawa hakipiti, na matabibu wakakata tamaa, wakisema jambo hili limeanzia moyoni. Hata miaka arubaini alikuwa hajaitimiza.

Alifanyaje? Hakukurupuka. Kwa karibu miezi sita alikuwa leo akiazimia kuondoka, kesho akiivunja azma yake. Kisha aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, akashika njia ya Sham. Watu walisema mengi, kama wasemavyo barazani kwetu. Na mwaka 1106 alirudi kusomesha, mara hii Nishapur. Basi elimu hakuiacha moja kwa moja. Alichokikimbia ni kusomesha kwa ajili ya cheo na sifa.

Hapo ndipo nitakapo vijana wetu wapatazame. Mtu akichoshwa na kazi, jambo la kwanza ni kutafuta viza ya Uarabuni. Simlaumu aendaye, maana wengi wamejenga na kuoa kwa fedha za huko. Lakini aliyekinai makaratasi ya Kilindini, akaenda kuandika makaratasi yale yale Dubai, amebadili bandari tu. Kwanza na ajiulize kilichomchosha ni nini hasa: ni kazi yenyewe, ni zamu za usiku, au ni mkubwa wake?

Kijana wetu huyu amejiuliza, na jawabu analo. Tangu utotoni roho yake iko kwenye mashine za boti, alizojifunza kwa mjomba wake. Ila mamake hataki kusikia. "Nimemsomesha mwanangu ili arudi kunuka grisi?" Naielewa huruma ya mama, lakini hapa nina ugomvi na watu wangu. Twamwamkia kwa heshima mwenye shati jeupe hata kama ana madeni, na fundi ambaye maboti yote yamngojea ufukweni twamwona kama aliyekosa la kufanya.

Hata hivyo sikumwambia aache kazi. Ana mke na watoto watatu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12. Wako wanaoiuza likizo hiyo. Nilimwambia asiiuze, bali aende nayo kwa mjomba wake, aone kama siku ya kumi, mgongo ukimuuma na jua likimchoma, bado ataipenda hiyo mashine. Na shauri hili alizungumze na mkewe, si na baraza.

Amekubali. Likizo yake yaanza baada ya Idi, na mjomba wake amekwisha kumwekea injini mbovu mbili za kuanzia.