Bustani ya Nchi ya Theluji Huanzia Dirishani



Ni familia nyingi za Kivu na za Katanga ambazo leo zina mtoto, shangazi au mjukuu anayeishi Kanada. Baadhi yao, baada ya miaka ya kupanga vyumba vya ghorofani, wamepata nyumba yenye kiwanja kidogo, kile ambacho ndugu zetu wa Lubumbashi hukiita lupango. Hapo hukutana na swali ambalo huku kwetu hatukulijua: ni bustani gani inayoweza kupendeza mahali ambapo ardhi hugandamana kama jiwe kwa miezi mitano?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mtu apande maua mengi katika majira ya joto, na baridi ikifika ajifungie ndani akingoja. Sisi hatukubaliani na jibu hilo. Maoni yetu ni kwamba bustani ya nchi ya baridi yapasa kupangwa kwanza kwa ajili ya majira ya baridi, na majira ya joto yafuate. Anayeishi miezi sita akiingojea miezi sita mingine amejinyima nusu ya umri wake. Hilo ni jambo zito kuliko maua, na mgeni aliyetoka karibu na ikweta analihisi kuliko mwenyeji.

Tuanze na jua, kwa maana ndilo linalotofautiana sana na la kwetu. Bukavu jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mwaka mzima, hata hatujisumbui kuuliza nyumba inatazama upande gani. Mjini Montréal, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri hufika digrii 21 tu juu ya upeo wa macho, nalo daima huwa upande wa kusini. Kwa hiyo ukuta wa kusini ni hazina ya nyumba: hapo theluji huyeyuka mapema, na hapo maua ya kwanza hutokeza. Miti yenye majani ya kudumu, yaani misonobari na jamii zake, isipandwe upande huo ikaziba mwanga mchache uliopo. Ipandwe upande unaotoka upepo wa baridi, ambao mara nyingi ni kaskazini na magharibi. Ukuta wa miti iliyoshikana hupunguza nguvu ya upepo hadi umbali wa mara kumi ya kimo chake, na zaidi. Hivyo safu moja ya miti huikinga bustani na nyumba pamoja.

Jambo la pili ni theluji yenyewe. Wengi huiona kuwa adui wa mimea, lakini mkulima wa huko huiona kuwa blanketi. Theluji nyepesi imejaa hewa, na hewa hiyo huzuia joto la ardhi lisipotee. Juu, kipimo chaweza kushuka hadi digrii 25 chini ya sifuri, huku chini ya theluji nene udongo ukibaki karibu na sifuri. Mimea mingi haiuawi na theluji. Huuawa na ukosefu wake: ardhi iliyo wazi huganda, ikayeyuka, ikaganda tena, na kila mara husukuma mizizi juu hadi ikakauka kwa upepo. Mtu mwenye hekima hupanga ua wa vichaka na vijiti ili theluji inayopeperushwa inaswe na kutulia juu ya vitanda vya maua. Aidha haikati mimea yote iliyokauka wakati wa kupukutika kwa majani. Mabua yake hushika theluji, na mbegu zake hulisha ndege.

Nani amethibitisha haya? Tutaje mama mmoja. Huko Grand-Métis, katika jimbo la Québec, karibu na mto Saint-Laurent, Elsie Reford alianza kulima bustani mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 54. Kabla ya hapo mahali pale palikuwa kambi ya kuvulia samaki; ni baada ya kupasuliwa hospitalini ndipo daktari alipomshauri aache uvuvi na kushika kazi nyepesi zaidi. Udongo ulikuwa maskini. Aliwapa wakulima wa jirani samaki aina ya salmoni, nao wakampa majani makavu ya kutengenezea mboji. Waliomsaidia walikuwa watu wa kijiji ambao hawakuwahi kufanya kazi ya bustani. Aliendelea kwa zaidi ya miaka 30, na hatimaye akafanikiwa kustawisha hata popi ya buluu, ua la milima ya Himalaya ambalo hukataa kumea mahali pengi penye joto. Theluji nene ya pale ilililinda, na hewa ya baridi yenye unyevu ililipendeza. Leo bustani hiyo huitwa Jardins de Métis, na tangu mwaka 1962 hupokea wageni.

Kweli, Elsie Reford alikuwa mtu wa familia tajiri, na wajomba zetu walioko Kanada si matajiri. Hata hivyo funzo lake halikutokana na fedha. Aliacha kupigana na mahali alipokuwa, akatafuta mimea inayopenda mahali hapo. Jambo hilo anaweza kulifanya hata mwenye kiwanja cha hatua kumi.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, kwa sababu ni wa mhamiaji. Felicitas Svejda alitoka Austria akafanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali mjini Ottawa. Wakati huo mawaridi mengi yaliyopendwa Kanada yalikuwa na asili ya nchi zisizo na baridi kali, na kila mwaka mwenye nyumba alipaswa kuyafunika kama wagonjwa. Tangu miaka ya 1960, Svejda alizalisha mawaridi mapya kwa kuchanganya aina ngumu, mojawapo ikitoka kaskazini-mashariki ya Asia, na kuyaacha nje bila kifuniko ili yenye nguvu yajulikane. Mawaridi hayo yalipewa majina ya wavumbuzi, kama John Cabot na William Baffin, nayo hupandwa hadi leo. Anayeanza bustani asinunue waridi kwa ajili ya picha tu; aulize kwanza kama litaweza kulala nje.

Kuna na maua ambayo bila baridi hayapo. Tulipu huhitaji majuma kumi na mawili au zaidi ya baridi kabla ya kuchanua vema. Ndiyo sababu vitunguu vyake huzikwa kabla ardhi haijaganda, na mtu hukaa majira yote ya baridi akijua kuna kitu chini ya theluji. Mwaka 1945, Juliana, binti wa malkia wa Uholanzi, aliitumia Ottawa vitunguu 100,000 vya tulipu, akishukuru kwa hifadhi aliyoipata huko pamoja na binti zake wakati wa vita. Mkimbizi aliyepokelewa alirudisha shukrani kwa ua linalotaka baridi ya wenyeji wake. Habari hiyo yafaa kusimuliwa katika familia zetu.

Twajua pingamizi litakalotolewa. Mama mmoja atasema: «Maua hayaliwi. Mwanangu apande mboga, na fedha inayobaki aitume nyumbani.» Neno hilo lina uzito, wala hatulidharau. Tunalijibu hivi. Kwanza, mboga na uzuri havigombani. Lengalenga huota vizuri katika majira ya joto ya huko, mradi mbegu zisiwekwe nje kabla ya jalidi ya mwisho, ambayo mahali pengi Kanada huja hata mwezi wa Mei. Sombe haitawezekana, kwa kuwa muhogo haustahimili baridi; lakini kabeji za majani huvumilia jalidi, na ladha yake huwa tamu zaidi baada yake. Pili, bustani nzuri haitaki fedha nyingi. Maua ya kudumu hugawanywa, na jirani mwenye shina kubwa la peoni au la lila mara nyingi hufurahi kutoa kipande. Mgeni anayebisha hodi kuomba kipande cha shina amepata jirani. Katika nchi ambako milango hufungwa miezi mingi, faida hiyo haipimwi kwa dola.

Na asiye na kiwanja? Hata yeye ana mahali. Jiji la Montréal lina bustani za jumuiya tangu miaka ya 1970, ambamo wakaaji hupewa vipande vya ardhi vya kulima. Huko Iceland, katika mji wa Akureyri ulio karibu na mzingo wa Aktiki, wanawake wa mji walijiunga wakaanzisha bustani ya wote, iliyofunguliwa mwaka 1912. Hawakungoja kila mmoja awe na yake.

Basi shauri letu kwa ndugu zetu wa huko ni hili. Msiende dukani mwezi wa Juni mkiwa na haraka. Mwezi wa Januari, simameni dirishani mnapokaa kila siku, mwangalie nje. Ulizeni: jicho linatua wapi? Upepo unatoka wapi? Theluji inajikusanya wapi, na wapi inakimbia? Palipo tupu, wekeni mti mmoja wenye gome linalong'aa, kama ule ambao Wafaransa huuita bouleau, au kichaka cha asili ya huko ambacho matawi yake hubaki mekundu juu ya theluji. Wekeni msonobari mmoja utakaokuwa kijani wakati kila kitu kimefifia. Hivyo vikishasimama, maua ya Juni yatapata mahali pa kukaa bila shida.

Nasi tuliobaki huku, tunapowapigia simu mwezi wa Januari, tusiwaulize tu kama baridi ni kali. Tuwaulize pia wanaona nini dirishani.