Makinda Wawili Ndani ya Tenga



Msimu wa mvua uliopita, kijana mmoja alitujia hapa Iguguno na tenga lenye makinda wawili wa korongo taji, ndege yule mrefu mwenye kishungi cha dhahabu utosini. Alitaka tuwanunue wapambe ua wetu. Hatuna budi kukiri kwamba tulivutiwa. Watoto walikwisha kuwapa majina kabla hata bei haijatajwa.

Kilichotuzuia ni habari za majirani zetu wa Rwanda. Huko ndege huyu huitwa umusambi, na kwa miaka mingi alitolewa viotani akauzwa kwa mahoteli na kwa wenye bustani, mabawa yamekatwa asiruke. Wenyewe walidhani wanampenda. Lakini korongo wa uani ni nadra kuzaa, na kila aliyefugwa alikuwa pengo bwawani.

Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza kazi ya kuwarejesha, akishirikiana na serikali. Wafugaji waliombwa wawaandikishe ndege wao pasi na kutozwa faini, na zaidi ya ndege 200 wakatolewa kifungoni. Wazima walipelekwa Hifadhi ya Akagera, wakasubiriwa hadi manyoya ya mabawa yaote upya. Waliovunjika mabawa wasiweze kuruka tena walitengewa makao jijini Kigali. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 nchini kote. Kufikia 2023 walikuwa wamepita 1,000.

Sisi hatustaajabii sana hesabu hiyo. Tunastaajabia wale waliofungua milango ya nyua zao wakamtoa ndege waliyemlea kwa miaka.

Wasomaji wetu wanaijua hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ya maswahaba waliochukua makinda wawili safarini, mama yao akaja akipigapiga mabawa. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa wanawe, akaamuru warudishwe.

Basi tulimpa kijana chakula, tukamwomba atuongoze hadi alikowatoa. Watoto walinuna njia nzima. Korongo wawili wakubwa walikuwa wangali wamesimama kando ya maji. Tukawaweka makinda majanini, tukarudi nyuma hatua nyingi, tukakaa kimya. Mmoja wa makinda akalia. Korongo mmoja akainua shingo, akaanza kuja.