Mume achague, kibanja asiguse?

Na Projestus Kaijage

Msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, huku Bweranyange, aliandika habari za wake wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa hata kusimama ni taabu. Wengi wanakumbuka unene huo. Mimi nakumbuka zaidi binti wa miaka 16 aliyekuwa akinywa maziwa huku baba yake ameshika fimbo, amchape akiacha.

Leo Bweranyange ina sekondari ya wasichana. Hakuna anayempangia binti unene, na mara nyingi hakuna anayempangia mume. Wanajuana mnadani, chuoni Bukoba, au kwenye simu. Mshenga akitumwa, anapeleka habari za jambo ambalo wawili hao walishalimaliza. Wazee wananung'unika kwamba siku hizi wanaalikwa tu kwenye harusi ambazo zamani wangezipanga wenyewe.

Manung'uniko hayo nayaelewa, ila si yote. Waliopanga ndoa walikuwa pia na wajibu wa kuisuluhisha, na wanandoa wa leo wakigombana usiku wa manane hawajui wambishie nani hodi. Lakini vijana wasisingiziwe kwamba wameleta mambo ya mtandaoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilishasema ndoa ni ridhaa ya hiari ya wawili. Sheria hiyo hiyo, ajabu, iliruhusu binti wa miaka 15 aozwe kwa idhini ya wazazi, mpaka Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliposema kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Kwa hiyo mume tumemwachia achague. Na kibanja, shamba la migomba la ukoo, je?

Jirani zetu wa Muleba walishalipigania hilo. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akakimbilia mahakama ya mwanzo, ikabatilisha mauzo, maana kwa mila mwanamke alikuwa wa kulitumia tu. Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Ukoo ukilitaka shamba, ulikomboe kwa bei ile ile, na akaupa miezi sita. Huo ndio uungwana: ukoo haukufukuzwa, uliambiwa ulipe.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikafuta mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Hata hivyo, siku ya kugawa migomba na kahawa, bado kaka anamwambia dada, "Shamba lako liko kwa mumeo." Na kwa mumewe anaambiwa yeye ni wa kuja. Binti wa namna hiyo amechagua tu ua wa kuishi kama mgeni.

Hoja inayorudiwa ni kwamba binti atapeleka ardhi kwa watu baki. Ningeipa uzito kama watoto wa kiume wasingekuwa wanauza vibanja vya mababu zao wakanunue pikipiki. Wakifanya hivyo, ukoo husikitika kidogo kisha hunywa pombe ya rubisi ya mnunuzi.

Wazazi wa Karagwe na Kyerwa, msisubiri matanga ndipo mtaje mirathi. Mkingali na nguvu, waiteni watoto wote, wa kiume na wa kike, gaweni mbele ya mashahidi na andikeni wosia. Nendeni pia ofisi ya kijiji mkaulizie hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mama wa nyumba liandikwe humo pamoja na la baba.