Bastola ndogo chini ya shati: jibu langu ni hapana

Tangu mwaka huu wa masomo uanze, swali moja linarudi mara kwa mara uani kwetu baada ya masomo ya jioni: mtu akitaka kubeba bastola bila watu kuiona, achague ipi? Wengine hutaja majina waliyoyaona kwenye simu. Wengine hubishana juu ya idadi ya risasi. Mwenzetu mmoja, ambaye kaka yake hubadilisha pesa karibu na soko, aliuliza bila mzaha hata kidogo. Nimewasikia wakubwa wakilicheka swali hilo, nami naona linastahili jibu la kweli. Watu hawaulizi kwa sababu ya filamu. Wanauliza kwa sababu wanaogopa.

Hofu yenyewe ina msingi. Umeme ukikatika Kikula au Panda, barabara nzima inazama gizani mapema. Mwanafunzi anarudi kwa miguu na simu ambayo familia ililipia miezi mingi. Mama anafunga meza yake ya kutuma pesa akiwa na mauzo ya siku nzima ndani ya kitenge. Polisi akiitwa, huenda akafika kesho. Mtu aliye katika hali hiyo akitafuta kitu cha kumlinda, sitamwita mjinga. Atanikumbusha kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

Hata hivyo jibu langu ni hapana, nami nitaanzia pale wanapoanzia wenye kuchagua bastola, siyo kwenye mahubiri.

Mtu anayechagua bastola ya kuficha huwa anapima mambo mawili yanayovutana: iwe ndogo kiasi cha kutoonekana, na iwe kubwa kiasi cha kushikika. Wabelgiji wa kiwanda cha FN, Herstal, walitengeneza kabla ya vita vya pili vya dunia bastola ya mfukoni iliyoitwa Baby Browning. Urefu wake ni sentimita 10 na kidogo, inabeba risasi 6 za milimita 6.35, na inaingia mfukoni kama pakiti ya sigara. Upande wa pili iko Glock 19 ya Austria, ya milimita 9, yenye urefu wa sentimita zaidi ya 18 na risasi 15. Katikati yao ipo Glock 26, ya sentimita 16 hivi, yenye risasi 10. Anayezisoma namba hizo kwenye simu hudhani kazi imekwisha: achague ya katikati, aende zake.

Lakini wanaofundisha watu kupiga shabaha husema jambo ambalo namba hazisemi. Bastola ikiwa ndogo, inakuwa ngumu zaidi kuitumia. Ni nyepesi, kwa hiyo risasi yenye nguvu inaurusha mkono. Mpini wake mfupi hauenezi vidole vyote. Umbali kati ya alama mbili za kulengea ni mdogo, kwa hiyo kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Ndiyo maana silaha inayoonekana rahisi kuliko zote ndiyo inayodai mazoezi mengi kuliko zote. Tena inadai ala ngumu inayofunika kabisa kifyatulio. Wapo waliojijeruhi paja kwa sababu bastola ilikuwa mfukoni pamoja na funguo.

Basi niulize: hapa Likasi, mazoezi hayo utayafanyia wapi? Risasi mia za kujifunzia, halafu mia nyingine kila baada ya miezi michache, utazinunua kwa nani, na kwa karatasi gani? Mji wetu una kumbukumbu yake juu ya jambo hili. Mnamo Septemba 1961, ulipokuwa ukiitwa Jadotville, wanajeshi wa Ireland zaidi ya 150 waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa kwa siku tano. Walikuwa na mafunzo, mahandaki na kamanda hodari, wala hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Walipoishiwa risasi na maji wakajisalimisha. Silaha isiyo na kitu nyuma yake ni chuma tu. Na nyuma ya bastola ya mwanafunzi hakuna kitu.

Tufikirie sasa saa yenyewe ya hatari. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika matokeo ya jaribio rahisi. Alitaka kujua mtu mwenye kisu anahitaji muda gani kuukimbia umbali wa futi 21, yaani mita 6 na nusu hivi. Akapata sekunde moja na nusu. Muda huo ndio uliomtosha polisi aliyefundishwa, mwenye bastola kiunoni, waziwazi, kuitoa na kupiga. Sasa weka usiku wa Shituru badala ya uwanja wa mazoezi. Weka bastola chini ya shati na koti, mwenyewe akiwa na mkoba begani. Weka vijana watatu wenye panga wanaotokea kwenye kona, mita mbili kutoka kwako. Kabla mkono haujafika kiunoni, wao wamekwisha kufika. Na wakiiona bastola, hawatachukua tena simu peke yake. Wataondoka na silaha, na pengine na roho yako, kwa kuwa umewatia hofu. Kisu kikali hukata pia mkono wa mwenyewe.

Najua nitajibiwa kwa mfano wa Kenya, nao ni mfano wenye nguvu. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67, Abdul Haji, mfanyabiashara, aliingia ndani na bastola yake kumtafuta ndugu yake. Pamoja na polisi wachache na raia wengine wenye leseni, alisaidia kuwatoa wanawake na watoto. Sitaki kupunguza hata chembe ya ushujaa ule. Lakini tuangalie kilichoizunguka bastola ile: leseni, mazoezi, na watu waliokwenda pamoja bega kwa bega. Kenya yenyewe, mwishoni mwa 2018, iliagiza wenye leseni wote wakaguliwe upya, kwa kuwa iligundua kwamba leseni peke yake haitoshi. Na Januari 2020, katika klabu ya usiku ya Kilimani, Nairobi hiyohiyo, kijana mpiga santuri alipigwa risasi ya shingo. Hakukuwa na gaidi wala jambazi mle ndani. Ilikuwepo bastola iliyoingia mahali pa starehe. Anayenionyesha Westgate na aniruhusu nimwonyeshe Kilimani.

Kwetu Kongo hali ni ngumu zaidi, na hapa ndipo penye hatari ambayo wenzangu hawaioni. Msingi wa sheria yetu ni amri ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi: hakuna raia anayeruhusiwa kuwa na silaha ya moto bila kibali cha serikali. Juu yake zipo sheria mbili za tarehe 18 Novemba 2002, zinazohusu mahakama za kijeshi na adhabu zake. Kwa sheria hizo, raia anayefanya kosa kwa silaha ya kivita anaweza kupelekwa mbele ya hakimu mwenye magwanda. Wanasheria wanabishana kama jambo hilo linapatana na kifungu cha 156 cha Katiba. Wabishane. Wakati wanabishana, wewe uko gerezani. Bastola ya milimita 9 hutumiwa na majeshi ya dunia nzima. Sijui utamshawishi vipi hakimu kwamba uliinunua kuwindia kanga. Na Machi 2024 serikali iliondoa zuio la kutekeleza adhabu ya kifo, lililodumu tangu 2003, na waraka wake ulitaja pia ujambazi wa mijini unaoleta kifo. Huo si wakati wa kijana kukutwa usiku na chuma asichoweza kukieleza.

Kuna jambo jingine. Bastola inayouzwa kwa siri haikuzaliwa siku unayoinunua. Ilitoka kwa askari aliyeiuza, au kwa askari aliyeuawa, au kwa jambazi anayetaka kuiondoa mikononi mwake. Mtutu wa bastola una mikwaruzo ndani, na kila risasi inayopita hutoka na alama zake. Wapelelezi wakilinganisha, bastola yako inaweza kueleza habari za maiti usiyemjua. Wakati mwenye duka la kweli anakupa risiti, muuzaji wa gizani anakupa historia yake. Katanga hii ilikwisha kuchoka na silaha za namna hiyo. Miaka ya 2000, shirika la PAREC lilipita vijijini likiwapa watu baisikeli ili warudishe bunduki, na watu wakazirudisha. Baisikeli ilikuwa na faida kwao kuliko bunduki. Sisi tuliosoma tusirudi nyuma ya wanakijiji wale.

Kwa nini niandike haya katika jarida la kitivo cha lugha, na si la sheria? Kwa sababu sehemu ya hatari hii ni ya lugha, na ni sehemu yetu. Kifaransa cha wanasheria kina maneno mawili: «détention» kwa kuwa na silaha, na «port» kwa kutembea nayo mwilini. Ni mambo mawili, na ruhusa ya moja si ruhusa ya lingine. Kiswahili chetu cha kila siku hapa Likasi kinayamaliza yote kwa kusema «ana bunduki». Mzee aliyepewa kibali cha kuweka bunduki ya kuwindia nyumbani anaamini anaweza kuibeba sokoni, na mwanawe anaamini karatasi ya baba inamfunika naye. Hakuna aliyewadanganya. Hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao, basi.

Na kuwaeleza ni wajibu ulioandikwa. Katiba ya 2006, kifungu cha 1, inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kifungu cha 142 kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne katika siku 60. Amri ya 1985 ni ya zamani kuliko Katiba hiyo, lakini raia anaadhibiwa kwayo leo, kwa hiyo ana haki ya kuielewa leo. Sisi tunatafsiri mashairi na hadithi kwa ajili ya kazi za mwisho wa masomo, na ni vizuri. Napendekeza kwamba mwaka huu kikundi kimoja cha wanafunzi, chini ya mwalimu mmoja wa tafsiri na kwa msaada wa mwanasheria, kichukue amri ile na kuiweka katika Kiswahili ambacho mama wa soko la Kikula atakielewa. Tukubaliane juu ya maneno: kumiliki, kuweka nyumbani, kubeba, kibali, silaha ya kivita, silaha ya kuwindia. Kazi ikiisha, ibandikwe kwenye ofisi za komini zote nne na isomwe redioni.

Naye kaka wa mwenzetu, anayebadilisha pesa? Ninalo la kumwambia, ingawa halina ukali wa chuma. Asitembee na mtaji wote. Afunge kazi kabla ya giza, pamoja na wenzake wa meza za jirani, nao warudi kwa kundi na kwa njia inayobadilika. Wachangie taa moja ya jua kwenye kona yao; taa inalinda watu wengi kwa mara moja, na haiibiwi kiunoni mwa mtu. Akivamiwa, atoe pesa. Pesa ataitafuta tena.

Nakubali kwamba hayo yote hayaondoi wajibu wa polisi na wa mji, na kwamba tunapaswa kuwadai doria na mwanga kwa sauti kubwa zaidi. Lakini anayenunua bastola ameacha kudai. Amejiambia kwamba kila mtu atajilinda mwenyewe, na kesho jirani yake atajiambia hivyohivyo, naye atanunua kubwa zaidi.

Kwa hiyo mwenzetu akiniuliza tena achague ipi, nitamjibu: hakuna. Kisha nitamwomba aje Jumamosi tuanze kutafsiri kifungu cha kwanza.