Ukaguzi wa Viwanda: Deni Limrudie Mwenyewe

Kila wakaguzi wa mazingira wanapobisha hodi kiwandani, husikika lalamiko lile lile: kwamba serikali inawaongezea wenye viwanda gharama. Yafaa lalamiko hilo lipimwe hapa kwetu, katika bonde la mto Ngerengere.

Mto huo hutoka milima ya Uluguru, ukapita Morogoro, mji uliopangiwa viwanda vya ngozi, nguo na turubai tangu miaka ya 1970, kisha ukateremka mashariki kujiunga na Ruvu, ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam. Kiwanda kinachomwaga majitaka bila kuyasafisha huonekana vitabuni kuwa kimepunguza matumizi. Kwa hakika gharama imehama tu: atailipa mkulima wa upande wa Mikese anunuapo maji kwa ndoo, au mama apelekaye mtoto zahanati. Basi mkaguzi haleti gharama mpya. Humrudishia mwenye deni deni lake. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye.

Lakini faini peke yake haitoshi. Mwezi Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uvujaji katika bwawa la topesumu. Julai mwaka huo huo, mgodi ukakatazwa kulitumia bwawa lenyewe. Adhabu hizo mbili hazilingani. Faini hulipwa mara moja, na tajiri aweza kuihesabu miongoni mwa matumizi ya mwaka. Amri ya kusimamisha hugusa mapato ya kila siku.

Hata hivyo, mitambo ikisimama, wa kwanza kukosa ujira ni kibarua, ambaye hakuamua majitaka yapite wapi. Kwa hiyo ukaguzi usingoje samaki waelee. Ufanywe mara kwa mara, utoe muda maalumu wa kurekebisha kasoro, na matokeo yake yabandikwe katika ofisi za vijiji vilivyo chini ya mto. Mwenye kiwanda akiwa na hakika kwamba mkaguzi atarudi, ataona kuwa kujenga bwawa la kusafishia maji ni nafuu kuliko kufungiwa. Hapo ndipo hesabu zake na afya ya wananchi zitakapokwenda pamoja.