Mshumaa, «bougie» na kandili

Iko imani moja iliyotia mizizi katika shule zetu za Kasongo na Kabambare, nasi twaona wakati umefika wa kuing'oa. Ni ile imani kwamba Kifaransa ni lugha safi yenye ukoo wake, na Kiswahili ni lugha ya kuokoteza, nusu Kibantu nusu Kiarabu, iliyofika kwetu pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa. Mtoto huisikia kwa mwalimu anayemkemea kwa kusema Kiswahili uwanjani. Huisikia tena, kwa sura nyingine, katika jumuiya zetu, pale Mkristo anapouliza kwa nini tunasali kwa maneno ya Waislamu.

Tuanze na kitu kilicho mbele ya macho yetu kila siku ya Mungu. Juu ya altare tunawasha mshumaa. Neno hilo latoka katika Kiarabu, «sham'», yaani nta. Anayetaka kulikwepa na kusema «bougie» ameruka majivu akakanyaga moto. Bougie ni jina ambalo Wafaransa waliupa mji wa Béjaïa, bandari ya Algeria, ambako zamani nta nyingi ilipakiwa kwenda Ulaya. Jina la mji likawa jina la nta, kisha likawa jina la mshumaa wenyewe. Na leo fundi wa pikipiki anapobadilisha «bougie» ya injini anautaja mji wa Afrika ya Kaskazini pasipo kujua. Na kandili, ile taa ya bibi zetu? Hiyo ilisafiri njia ya kinyume. Ilianzia kwa Walatini, «candela», ikapita kwa Wagiriki, Waarabu wakaiita «qindil», nasi tukaipokea mikononi mwao. Basi katika maneno hayo matatu, lile linaloonekana la Kiarabu kuliko yote ndilo lililozaliwa katika Kilatini, na lile la Kifaransa ndilo lililozaliwa Afrika.

Tukae kidogo Béjaïa, maana nta si kitu pekee kilichotoka huko. Katika bandari hiyo kijana mmoja wa Pisa, Leonardo, ambaye baba yake aliwatumikia wafanyabiashara wa mji wao, alifundishwa kuhesabu kwa tarakimu ambazo Waarabu walizipata kwa Wahindi. Mwaka 1202 aliandika kitabu cha hesabu, na humo lile neno la Kiarabu «sifr», yaani tupu, akaliandika kwa Kilatini «zephirum». Waitalia wakalifupisha likawa «zero», Wafaransa wakachukua «zéro». Neno hilohilo lilipita pia njia ya pili, kwa umbo la «cifra», likatoka «chiffre». Kwetu limebaki karibu na lilivyokuwa: sifuri. Mtoto wa Kabambare aliyejua kusema sifuri kabla ya kuingia darasani alikuwa tayari na neno lililo karibu zaidi na shina, lakini hakuna aliyemwambia. Tena, kabla ya Leonardo, Gerbert wa Aurillac, Mfaransa, alikwenda kusoma Katalunia, kwenye mpaka wa Hispania ya Waislamu, akarudi na tarakimu hizo akazifundisha. Mwaka 999 mtu huyo alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Silvester II.

Sokoni mambo ni yaleyale. «Magasin» na hazina ni watoto wa shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuweka akiba. «Tarif» na taarifa ni mtu na ndugu yake, ingawa mmoja amekwenda kukaa kwenye bei na mwingine kwenye habari. Sukari na «sucre», kahawa na «café», hayahitaji mwalimu. Lakini «coton» linatudai tusimame, kwa sababu wazee wetu walilijua kwa fimbo. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wanavijiji kulima pamba, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuubeba mzigo huo. Neno lenyewe ni la Kiarabu, «qutn». Mbelgiji alilipata kwa waliokopa kwa waliokopa, naye akalileta shambani kama lake.

Hatusemi haya ili kuwasafisha Waarabu na Wangwana waliotawala hapa. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, kisha ya mwanawe Sefu, hadi Aprili 1893 ilipotekwa na majeshi ya Dhanis, na barabara ya kutoka Tanganyika kupitia Kabambare ilikanyagwa na watu waliofungwa minyororo. Maneno mengi yalitufikia kwa njia hiyo, na haifai kuwaficha watoto. Ila Kifaransa nacho kina maneno ya bunduki. «Razzia», yaani uvamizi wa kuteka watu na mifugo, ni neno ambalo askari wa Ufaransa walilizoea Algeria walipokuwa wakiiteka nchi hiyo katika karne ya 19, nao wakafanya wao wenyewe kile walichokitaja. Kwa upande mwingine, neno letu mtumwa halikutoka Arabuni. Ni la Kibantu, limetokana na kutuma, kama vile mtume. Anayefikiri kwamba kufuta maneno ya Kiarabu kutaufuta utumwa katika kumbukumbu yetu na alitafakari hilo.

Misafara hiyohiyo iliipa Ulaya neno moja kupitia kwetu. Safari, kutoka Kiarabu «safar», halikufika Ulaya kwa njia ya Hispania wala Italia. Wazungu walilisikia kwa wapagazi na viongozi wa misafara wa Afrika ya Mashariki katikati ya karne ya 19, wakalibeba kwao, na leo limo katika kamusi za Kifaransa. Hapo Kiswahili ndicho kilichokopesha.

Na sala zetu je? Wanaotaka zitakaswe wangesoma kwanza kamusi ya Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1939; humo mashina ya Kiarabu yametajwa waziwazi, bila aibu. Sala, kanisa na msalaba tumeyapata kwa Waarabu, lakini Waarabu nao waliyapata katika Kiaramayo, lugha aliyoinena Bwana wetu. Injili ni neno la Kigiriki lililovaa nguo za Kiarabu. Mapadri Weupe waliotuletea dini walianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, naye aliwaagiza wajifunze Kiarabu na wavae mavazi ya watu wa huko. Kanzu yao nyeupe ndiyo iliyowapa jina. Tungeanza kutakasa wapi?

Watatuambia kwamba programu ya shule imejaa. Sisi tuliosomea ualimu twajua imejaa, lakini imla ipo kila juma. Mwalimu wa darasa la sita aandike ubaoni «chiffre», «magasin», «tarif», «bougie» na «safari», awaulize watoto ni yapi yana ndugu katika lugha ya nyumbani, awaachie siku mbili waulize wazazi. Katika shule zetu za Kikatoliki wamo watoto Waislamu wanaokwenda pia chuoni kusoma Kurani, na kwa mara moja hao ndio watakaokuwa na jibu la kumweleza jirani wa dawati.